Mabati Yaliyongoja Picha Kumi

Mama yangu aliuza maharagwe ya misimu mitatu ili anunue mabati, na mimi, mwanawe wa kumzaa, nikamzuia asiyapandishe kwa wiki saba kwa sababu ya mwanga. Nalisema hili mapema ili msomaji asinipende bure halafu akajiona ametapeliwa.

Nyumba yetu iko Rubondo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Kuta zake ni za udongo, tulizikandika wenyewe, na paa lilikuwa turubai, lile ambalo kwetu kila mtu analiita shitingi, tulilopewa mwaka tulipofika kutoka Kivu ya Kusini. Turubai jipya halina maajabu. Letu lilikuwa limepigwa na jua miaka mingi mpaka likawa jembamba na jeupe, na kila lilipochanika mama alishona kiraka: kimoja cha turubai la bluu, kingine cha nailoni ya kijani, na vingine vya chochote kilichokuwa karibu na sindano. Majirani waliokwisha kuezeka walipita wakatutazama kwa huruma. Mimi niliwaonea huruma wao, maana ndani mwao asubuhi ilikuwa giza tupu, na ndani mwetu, kuanzia saa tatu mpaka saa tano, kulikuwa na mwanga laini ambao hata studio za Mbarara hazina.

Mimi ni mpiga picha. Kamera yangu niliipata Mbarara kwa muuza mitumba, na kifuniko cha betri kimeshikiliwa na plasta ya kidonda. Napiga ubatizo, harusi, na picha za kitambulisho. Kwa miaka mingi nilipigia nje, juani, kama wenzangu wote, na wateja wangu walitoka na mashimo meusi mahali pa macho na paji la uso linang'aa kama sufuria. Walilipa, lakini hawakurudi wakiwa na furaha.

Mambo yalibadilika siku mama alipomwita fundi aje kupima paa. Fundi wetu ni mzee Mrundi, jirani wa nyumba ya tatu, Mkatoliki wa kupiga goti hata akipita nyuma ya kanisa, na mkono wake kwenye nyundo hauna mfano. Mama alikuwa amekwisha kuyaegemeza mabati ukutani, mapya, yanameremeta, na alimwambia neno moja tu.

"Mvua ya mwezi wa kenda isinikute chini ya iyi shitingi."

Mwezi wa kenda kwetu ni Septemba. Tulikuwa katikati ya Julai, kwa hiyo fundi aliona ana muda wa kutosha, akakaa kitini kusubiri mama atafute kamba ya kupimia. Ndipo nikauona uso wake. Kila mkunjo ulikuwa mahali pake, macho yake yalikuwa na tone la nuru ndani, na mikono yake juu ya magoti ilionekana imefanya kazi tangu kuumbwa kwa dunia. Nikachukua kamera, nikapiga, nikamwonyesha.

Akaisogeza kamera karibu na macho.

"Uyu ni mimi," akauliza, "ao ni kinyonga?"

Alikuwa na haki. Shavu moja lilikuwa la bluu, jingine la kijani, na pua ilikuwa imegawanyika katikati kama shamba la ndugu wawili. Vile viraka vya mama vilikuwa vimemmwagia rangi zote. Nilijaribu kila kitufe, wapi. Mwisho, kwa hasira, nikageuza kamera iwe ya rangi nyeusi na nyeupe, nikapiga tena bila matumaini.

Fundi aliishika kamera kwa mikono miwili. Hakucheka. Alisema kwa sauti ya mtu aliyepata habari ya kwake mwenyewe kwa kuchelewa: "Kumbe niko muzuri."

Tangu siku ile nikaingia wazimu, na sioni haya kuuita hivyo. Nilianza kutembea Rubondo nikifumba jicho moja, nikijaribu kuona watu bila rangi. Nikagundua kwamba mama akivaa kitenge chake cha maua ya chungwa, kila mtu anayaangalia maua. Ukiyaondoa maua, unamwona mama. Nikagundua kwamba ukuta wa udongo una mawimbi, kwamba moshi wa jikoni una umbo, na kwamba ngozi zetu, ambazo zile taa kali za studio huzipausha mpaka mtu anafanana na mgonjwa, zina weusi wa aina nyingi sana, na kila aina inapokea mwanga kwa namna yake. Nilikuwa namweleza mama haya yote akiwa anapepeta maharagwe. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimenunua misumari.

Nilipeleka picha ya fundi Mbarara kuchapisha. Kijana wa kuchapisha, Mnyankore mwenye moyo mzuri kupita kiasi, aliitazama kwenye kompyuta akatikisa kichwa.

"Ssebo, bwana, mashini yangu iko sawa. Ni kamera yako imekufa rangi."

Nikamweleza kwamba nimetaka hivyo. Akasema kale, yaani sawa, akaniambia niende kunywa chai. Niliporudi alikuwa anatabasamu.

"Mimi nimesaidia wewe. Nimeweka rangi kwa kompyuta. Bure."

Fundi wangu alikuwa na midomo ya waridi na shati la manjano. Nilimfokea yule kijana mpaka wateja wakageuka, na hapo nikakosea, maana alikuwa amefanya wema. Akaichapisha upya bila rangi, amenuna. Ile ya midomo ya waridi nilimpa fundi kwa mzaha. Akaiweka kwenye fremu, akaitundika juu ya kitanda chake, na mpaka leo anasema ile ndiyo iliyotoka vizuri.

Lakini mmoja wa waliogeuka nilipopiga makelele alikuwa mwanamke aliyekuja kuchapisha orodha ya vyakula. Alikuwa anafungua mgahawa pale mjini, karibu na barabara ya kwenda Bwizibwera, na alikuwa na ukuta mrefu mtupu. Akaichukua picha ya fundi kutoka mkononi mwangu bila kuomba.

"Hii mzee iko na sura ya ukweli," akasema. "Lete kumi kama hii. Kumi, si tisa. Ukuta iko mkubwa. Chini nitaandika jina yako."

Jina langu ukutani, Mbarara, watu wakila chini yake. Nilirudi Nakivale nikiwa nimesimama kwenye gari la mizigo na sikusikia hata shimo moja la barabara. Nilikuwa na picha moja. Nilihitaji tisa. Na mwanga wote wa kuzipigia ulikuwa chini ya lile turubai ambalo mama alitaka kulitoa.

Basi nikaanza uongo. Wiki ya kwanza misumari niliyonunua ilikuwa mifupi, na ni kweli ilikuwa mifupi, kwa kuwa niliichagua mimi. Wiki ya pili mbao zilikuwa bado mbichi, zingepinda. Wiki ya tatu nilimwambia mama kwamba haraka haraka haina baraka. Akanitazama. "Na chelewa chelewa?" akauliza, akaenda zake shambani, akaniacha niimalizie methali mwenyewe.

Kikwazo kilikuwa fundi, mtu mwaminifu, ambaye alikuja kila baada ya siku mbili na nyundo yake. Dawa yake niliijua. Kila alipokuja nilimwambia, "Mzee, kaa kidogo, leo mwanga umekuja kwa ajili yako." Mara ya kwanza alikaa na nguo za kazi. Mara ya pili alikuja amenyoa. Mara ya tatu alivaa kostimi, yaani suti yake ya Misa, na kravati shingoni, na nyundo ameishika mbele ya kifua kama fimbo ya askofu. Mama akirudi anamkuta anashuka kitini.

"Fundi, paa inaanza leo?"

"Imbao bado, mama," anasema yule mzee, kwa uso wa mtu ambaye Jumamosi atakwenda kuungama.

Majirani nao wakasikia. Wakaja wamevaa rangi zote zinazouzwa sokoni, nami nikawapiga bila rangi, na ugomvi ukazuka kila asubuhi. Mama mmoja muuza ndagala, wale dagaa wetu, aliyeazima kilemba chekundu kwa dada yake, alitaka kunivunja mkono. "Nimetembea na rangi mingi namna hii, unaitupa fasi gani?" Nikamwambia sijaitupa mahali popote, nikamwonyesha shingo yake, ilivyosimama, na mwanga ulivyoteremka begani. Akajigusa shingo. Kisha akasema shingo ni nzuri, lakini dada yake hataamini kwamba kilemba kilikuwa chake.

Nilihitaji pia kitu cha kurudisha mwanga upande wa uso ulio gizani. Nikatazama huku na huku, nikaona mabati. Ubao au kitambaa cheupe hakifikii bati jipya. Nikalitoa moja, nikamwambia muuza ndagala alishike upande wa kushoto wakati nampiga mwenzake, na siku hiyo mama akarudi mapema. Alisimama mlangoni akaona bati lake mikononi mwa mteja, chini ya turubai.

"Nashukuru Mungu," akasema. "Kumbe inajuaka kufanya kazi."

Akalichukua, akalirudisha ukutani kwa mengine, akatoka. Nilijua ninakosea. Ila kila asubuhi saa tatu mwanga ulipoingia nilisahau kila kitu, na ndio ukweli wenyewe.

Kufikia mwanzo wa Septemba nilikuwa na picha tisa. Ya kumi nilitaka iwe ya mama. Nilikuwa naiona kichwani: yeye, mikono yake, bila maua ya chungwa. Nilimwomba nikiwa nimemchotea maji, nimemletea kuni, nimemsifia ugali.

"Utanipiga siku niko chini ya mabati yangu," akasema.

"Mama, chini ya mabati hakuna mwanga."

"Basi hakuna picha."

Hapo tukafungana kama mbuzi wawili kwenye daraja la mti mmoja. Mimi sipandishi paa mpaka picha, yeye hapigwi picha mpaka paa. Siku zikaenda. Mama akaihamishia mbegu yake ya maharagwe ndani, gunia zima, akaliweka kwenye kona aliyoiona salama, na kila jioni alitoka nje akatazama upande wa Ngarama, ambako mvua yetu hutokea.

Ikaja Jumamosi moja asubuhi. Mvua ilinyesha ghafla, nzito, robo saa hivi, kisha ikakatika na jua likatoka kama vile hakuna kilichotokea. Mimi nilikuwa ndani na fundi, amevaa kostimi, maana alisema anataka moja ya kutazama pembeni. Turubai lilikuwa limejaa maji katikati, limening'inia tumbo kubwa juu ya vichwa vyetu. Na jua likapita ndani ya yale maji.

Sijawahi kuona mwanga wa namna ile na sitauona tena. Chumba kizima kilikuwa kinatembea. Ukuta, mitungi, kravati ya fundi, vyote vilikuwa vinapanda na kushuka polepole, na kuzunguka lile tumbo la maji, turubai lilikuwa na vidoa vya nuru kali, vingi, vimetawanyika. Fundi alifanya ishara ya msalaba.

Mama akaingia mbio kutoka shambani, miguu imejaa tope. Hakutazama mwanga. Alichukua ufagio, akaugeuza, akauinua kwa mikono miwili ili alisukume lile tumbo kutoka chini, maji yamwagikie nje, kama alivyofanya kila msimu wa mvua maishani mwetu. Uso wake ukaingia katikati ya mwanga.

"Mama, ngoja kidogo," nikasema.

Na mama, ambaye miaka yote hiyo hajawahi kuningojea, aligeuka kunitazama aone nina nini. Nikapiga.

Turubai likapasuka. Maji yalianguka yote kwa mara moja, juu ya mama, juu ya kostimi ya Misa, na juu ya kona ile aliyoiona salama. Nataka kueleza nilichofanya mimi, kwa sababu fundi anakieleza kila harusi na ni afadhali kitoke kwangu. Nilikinga kamera. Niliitia chini ya shati, nikaikumbatia, nikaikunjia mgongo. Mama yangu alikuwa hatua mbili kutoka kwangu na sikumnyooshea hata mkono.

Alisimama maji yanamchuruzika puani. Akaenda kwenye gunia, akatia mkono ndani, akautoa na maharagwe yamelowa. Akayarudisha. Nilitaka anitukane.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi panda."

Nikapanda. Fundi naye akapanda vilevile alivyo, kravati ameitupa mgongoni, viatu vya Misa vinateleza, na kabla ya jua kuzama tulikuwa tumelitoa turubai lote na kugongelea mabati yote. Misumari mirefu, niliyoinunua baadaye kwa siri, ilikuwa chini ya kitanda changu, nilikoificha. Mama aliona nilikoitoa. Mbegu tulianika juu ya mkeka, na iliyokataa kukauka tuliila. Tulikula maharagwe yale wiki mbili, mchana na jioni, na sikuthubutu kuomba chumvi.

Ndani kukawa giza. Asubuhi saa tatu niliketi kwenye kile kiti nikangoja, kwa mazoea, na hakuna kilichoingia isipokuwa kuku. Mvua ikaja kweli, ikapiga juu ya mabati kwa kelele ya kuudhi, hatukuweza hata kuongea. Mama alikuwa amelala chali kitandani, mikono kifuani, anaisikiliza. Aliniambia kwa kupiga kelele kwamba ni kama redio.

Picha zilitundikwa mwezi uliofuata. Nilienda na mama na fundi. Fundi alijikuta katika picha nne kati ya kumi, na alizunguka mgahawa mzima akisimama kando ya kila moja, mkao uleule, akisubiri mtu agundue. Walaji wawili waligundua. Akawapa mkono.

Ya mama ilikuwa katikati, kubwa kuliko zote. Ufagio juu, uso umegeuka, macho yananiuliza nina nini, na juu yake lile tumbo la maji na vile vidoa vya nuru. Niliiona ukutani nikajua kwamba sitapiga nyingine kama ile. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza mama, nimefanya mazoezi njiani, habari ya mwanga na giza na jinsi vinavyohitajiana. Lakini mwenye mgahawa alinitangulia.

"Nnyabo," akamwambia mama kwa heshima, "hizi nyota mtoto yako alitoa wapi?"

Mama alisogea karibu. Hakujitazama yeye hata kidogo. Aliinua kidole akakiweka kwenye kioo cha picha, juu, kwenye kidoa cha kwanza.

"Hakuna nyota hapa," akasema. "Iyi ni matundu. Iyi ililetwa na mvua ya mawe. Fasi ya iyi niliwekaka sufuria, na iyi, bakuli. Iyi nilishona mara tatu, ikakataa." Kidole kilikuwa kinatembea bila kusita, kimoja baada ya kingine, na wala hakuhitaji kufikiri. Watu wa meza ya karibu walikuwa wameacha kula. Akafika kwenye kile kikubwa, karibu na ukingo. "Na iyi ilikuwa juu ya kitanda yako. Ulikuwa mutoto, ulikuwa na malaria. Nikakusogeza ku ukuta, na mimi nikalala fasi yako mpaka mvua ikaisha."

"Sikumbuki, mama."

"Utakumbuka namna gani?" akasema. "Weye ulilala mukavu."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikalia, mbele za watu, na fundi akaniletea chai akanipigapiga bega, akidhani nalia kwa uzuri wa picha zake.